Kinanda cha Övertorneå kinaumizwa na hita kuliko barafu

Kinanda cha mabomba kilichomo katika kanisa la Övertorneå, kaskazini mwa Uswidi, kilianza kujengwa Stockholm mwaka 1608 kwa ajili ya Kanisa la Wajerumani. Mwaka 1779 kiliuzwa, kikapelekwa huko karibu na Duara ya Aktiki. Sehemu yake moja ikaenda kanisa jirani la Hietaniemi. Kimepitia majira ya baridi zaidi ya 200. Rai yangu: kanisa lenye chombo cha namna hii lisipashwe joto kama sebule.

Tatizo ni ukavu. Hewa ya nje ikiwa nyuzijoto 20 chini ya sifuri hubeba takriban gramu 1 tu ya mvuke kwa mita ya ujazo. Ipashe hadi nyuzijoto 20, unyevu wake unashuka hadi kama asilimia 6 ya mvuke ambao hewa hiyo ingeweza kubeba. Iache kwenye sifuri, unabaki karibu asilimia 20. Mbao zikikauka ghafla husinyaa. Sanduku la upepo, ambalo mabomba husimama juu yake, limegawanywa kwa mifereji. Ubao wake ukipasuka, upepo huvuja mfereji hadi mfereji, na noti ambayo hakuna aliyeibonyeza huanza kulia. Ngozi za mivukuto nazo hukakamaa.

Kwa hiyo pandisheni joto nyuzi moja kwa saa, mkomee 12 hadi 15, na waumini wabaki na makoti yao. Ibada ikiisha, lishuke polepole vilevile.

Baridi nayo ina hatari yake kwa bati la mabomba: chini ya nyuzijoto 13 bati safi linaweza kugeuka unga wa kijivu, ingawa risasi iliyochanganywa ndani yake huzuia sana jambo hilo.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni kutyuni, yaani kurekebisha sauti za mabomba, kwenye baridi. Sauti ya mabomba ya kawaida hushuka takriban asilimia 3 ya nusu toni kwa kila nyuzi moja. Kutoka 18 hadi sifuri ni zaidi ya nusu ya nusu toni. Mabomba ya ulimi wa shaba, ambayo hulia kwa ulimi mwembamba unaotetemeka, karibu hayabadiliki, basi kinanda kizima kinasikika kimeharibika. Hakijaharibika. Anayegonga ncha za mabomba mamia kwa koni, kifaa cha kutyuni chenye umbo hilo, ili yafuate ndimi anapasua mishono ya karne nne, na kiangazi kikija atalazimika kuyarudisha. Atyuni ndimi chache tu, kipimajoto kikiwa katikati ya mabomba, na aandike nyuzijoto za siku hiyo kwenye daftari la kinanda.