Usiguse, Mtoto Yesu Atavunjika

Noeli iliyopita nilisimama nje ya kanisa letu hapa Dar es Salaam, jasho likinitiririka mgongoni, pamoja na waamini wengine waliosubiri kutangaziwa jumuiya iliyoshinda mashindano ya mapango ya Noeli, yaani vibanda vyenye sanamu vinavyoonyesha Yesu akizaliwa. Pango la jumuiya yetu lilikuwa zuri, nakiri. Kila familia ilichanga shilingi 10,000, akatafutwa seremala wa kulipwa, zikanunuliwa sanamu za plasta na taa za kumetameta za rangi nne, kisha juu ya paa ikatandazwa pamba ya hospitali ifanane na theluji, kwani inaelekea kamati ilikuwa na habari za uhakika juu ya hali ya hewa ya Bethlehemu usiku ule. Mbele ya pango ilifungwa kamba. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, aliinama akapita chini ya ile kamba na kunyoosha mkono kuelekea kwenye hori. Hakufika. Mama mmoja wa kamati alimshika bega na kumwambia, kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Usiguse, Mtoto Yesu atavunjika."

Tulishika nafasi ya pili na kuzawadiwa saa ya ukutani. Nilipiga makofi kama wenzangu. Ukutani, nyuma ya mapango yote yaliyozungushiwa kamba, lilining'inia bango la watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha kimisionari cha watoto wa Kikatoliki, lenye maneno ya Injili ya Marko: "Waacheni watoto wadogo waje kwangu, msiwazuie." Sijui kama kuna mwingine aliyelisoma siku ile. Mimi nililisoma, na tangu hapo nimebaki na donge ambalo sasa nalitoa.

Nimekulia Kilema, Uchagani, Kilimanjaro, mahali ambapo wamisionari walifungua misheni mwaka 1890, na ambapo katika utoto wangu pango la Noeli halikuwa kitu cha kununuliwa. Pango la nyumbani kwa bibi lilianza kujengwa Dominika ya kwanza ya Majilio, majuma manne ya kuingojea Noeli, nasi wajukuu ndio tuliolijenga. Udongo tuliuchota kwenye kingo za mfereji uliopita nyuma ya kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, paa tukaliezeka kwa majani makavu ya migomba, na pembeni tukachomeka masale. Mchaga hahitaji kuelezwa sale ni nini. Anayepelekewa jani lile amekwisha kuombwa msamaha, na bibi alikuwa na sheria kwamba wajukuu waliogombana wiki ile ndio watakaochomeka sale, pamoja, wakiwa wameshika shina moja. Ng'ombe wangu alikuwa na miguu mitatu, kwa maana wa nne ulikatika udongo ulipokuwa ukikauka, na badala yake akaegeshewa kijiti. Yosefu aliyefinyangwa na binamu yangu alikuwa mrefu kuliko mlango wa pango, kwa hiyo kila mwaka alikesha nje kama askari wa benki.

Hori lilikaa tupu kwa majuma yote manne. Kila mtoto aliyetenda jambo jema, kama vile kuteka maji bila kutumwa, kumwachia mdogo wake ndizi iliyo nene, au kunyamaza alipochokozwa, aliruhusiwa kuchukua unyasi mmoja kutoka kwenye mzigo wa ng'ombe na kuuweka horini, ili Mtoto atakapokuja akute pa kulala. Mwaka mmoja kaka yangu, ambaye subira haikuwa fadhila yake, alijaza konzi nzima. Bibi alimwita, akamkalisha, akamuuliza kwa upole uliotutisha kuliko fimbo, "Mjukuu wangu, Mtoto huyu utamlaza juu ya uongo?" Kisha akazitoa zile nyasi, mmoja mmoja, akimwekea kiganjani hadi akaurudisha mzigo wote. Usiku wa tarehe 24, tuliporudi kutoka Misa ya mkesha, mimi niliyekuwa mdogo kuliko wote ndiye niliyepewa Mtoto Yesu wa udongo, amefungwa kipande cha kanga, nimlaze. Nyasi zilikuwa chache mno mwaka ule. Nilipomweka nilisikia udongo ukigonga ubao. Nilikuwa na miaka saba, na katika homilia zote za toba nilizosikiliza tangu siku hiyo, hakuna iliyonigusa kama ule mlio.

Nimeusimulia mlio huo kwa sababu saa ya ukutani haiwezi kuuleta. Mtoto hujifunza imani kwa masikio, ndiyo, lakini huishika kwa mikono, na kitu ambacho hakukifinyanga, hakukichafua na hakuruhusiwa kukivunja hakiwi chake, hata ukimwambia mara mia kwamba ni cha familia yote. Tumefika mahali ambapo ibada ya watoto hutengenezwa na watu wazima, ikahukumiwa na watu wazima, na tuzo yake ikatundikwa sebuleni kwa mwenyekiti, huku mtoto akibakiwa na kazi moja tu, nayo ni kusimama vizuri wakati wa picha. Kila harusi tunakumbushwa kwamba familia ni Kanisa la nyumbani, maneno ambayo Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliyaandika mwaka 1964, na kila mwaka tunalijenga Kanisa hilo kwa kumlipa fundi.

Tena mwanzo wa desturi yenyewe haukuwa hivi. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alipoandaa Noeli ya Greccio, kijiji cha Italia, mwaka 1223, hakuwa na sanamu hata moja. Alimwomba rafiki yake Giovanni, wiki mbili hivi kabla ya sikukuu, amtafutie hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Wanakijiji walifika na mishumaa na mienge, Misa ikaadhimishwa juu ya hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili. Mwandishi wa kwanza wa maisha yake anasimulia kwamba baadaye zile nyasi zilihifadhiwa, na watu wakawalisha mifugo yao iliyougua. Hapakuwa na kitu cha kuvunjika pale. Palikuwa na nyasi zilizochoma, mavi ya ng'ombe na watu waliosogea karibu.

Nafahamu nitakachojibiwa. Nitaambiwa kwamba wazazi wa mjini wamechoka, kwamba mtu anayetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku hana muda wa kufinyanga punda. Hoja hiyo ina uzito, ingawa si mkubwa kama wenye nayo wanavyodhani, kwa sababu wazazi haohao walipata jioni nne za vikao vya kamati ya mapango, na kimoja kati ya vikao hivyo kilizungumzia rangi za taa peke yake. Nitaambiwa pia kwamba pango la kanisani linastahili kuwa la heshima. Sawa, na liwe. Parokia na inunue sanamu nzuri zitakazodumu miaka hamsini. Ninachogombea ni mapango ya jumuiya na ya nyumbani, ambayo hayana sababu yoyote ya kufanana na dirisha la duka.

Kuna na zile karatasi za kupaka rangi zinazochapwa kutoka intaneti na kugawiwa watoto baada ya Misa ya pili. Walezi wa Utoto Mtakatifu wanajitolea, hawalipwi hata nauli, na sitawarushia jiwe. Lakini karatasi niliyoletewa nyumbani mwaka jana ilikuwa na wachungaji waliovaa sweta na skafu, binti yangu akaipaka rangi kwa dakika tano, na kesho yake nikaikuta imefungiwa maandazi. Kazi ya mikono isiyoishia katika sala ni kupoteza gundi.

Mtu asidhani kwamba nina ugomvi na vitu vya kigeni. Taji la Majilio, ambalo wengine wanalisema kuwa ni la Kizungu, lilibuniwa na mchungaji wa Kilutheri, Johann Wichern, huko Hamburg mwaka 1839, kwa ajili ya watoto maskini aliokuwa akiwalea, ambao hawakuacha kumuuliza Noeli itafika lini. Alichukua gurudumu la mkokoteni akapanga juu yake mishumaa, midogo kwa siku za kawaida na minne mikubwa kwa Dominika, na watoto wakawa wanazihesabu siku kwa macho yao. Mlutheri yule alitumia kilichokuwepo, nasi Wakatoliki wa Pwani tunaweka pamba juu ya msonobari wa plastiki ilhali mtaani kote umechanua mti mwekundu ambao tumeuita wenyewe mkrismasi. Taji letu nyumbani ni la ukindu, binti yangu amechomeka maua hayo, yananyauka baada ya siku mbili, na yeye huenda kuokota mengine. Huko kuokota ndiko kusubiri kwake.

Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, aliyeanzisha Utoto Mtakatifu mwaka 1843, aliwaomba watoto Salamu Maria moja kila siku na sarafu moja ndogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao. Hakuwaomba wazazi wachange kwa niaba yao. Kibubu chetu ni kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kwa msumari, na tundu limekaa upande kwa sababu mwanangu ndiye aliyelitoboa.

Ni mwanangu huyohuyo aliyetunga rozari ambayo sasa ndiyo tunayoisali jioni. Mbegu alitumiwa kutoka Kilema, zile za kijivu zinazong'aa, za nyasi zinazoota kandokando ya maji, ambazo Mungu mwenyewe amezitoboa tayari kwa ajili ya uzi. Rozari ina shanga 59, yaani 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu, nami nilimwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi, nikamwacha mkekani na uzi wake wa nailoni. Alikesha nayo. Alipoileta, nilihesabu kimyakimya na kugundua kwamba fungu la tatu lina mbegu 11. Nilitaka kuifungua. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Dominika iliyofuata Baba Paroko aliibariki bila kuhesabu, na sasa haifunguliwi tena. Fungu la tatu liko katikati, kwa hiyo uanzie kulia au kushoto hulikwepi. Basi siku za Jumanne na Ijumaa, tunapofika pale Yesu anapotiwa miiba kichwani, familia yetu husali Salamu Maria 11, na mtoto aliyekuwa akisinzia huamka ili asikie kama baba atakosea. Rozari za duka, tunazo tatu, zimetundikwa msumarini. Hakuna anayezigombania.

Matawi nayo yanafanya kazi hiyohiyo kimyakimya. Misalaba ambayo watoto husuka Jumapili ya Matawi hukauka nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, hurudishwa parokiani kabla ya Kwaresima inayofuata, huchomwa, na Jumatano ya Majivu mtoto hupakwa kwenye paji la uso kile alichokisuka mwenyewe. Niliwahi kumweleza hilo binti yangu akanitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza ni kipi kati ya vyote pale kilikuwa chake.

Mwaka huu mchango wa mashindano umepanda kuwa shilingi 15,000. Nimelipa, maana sitaki kununiwa jumuiyani. Nilipopendekeza kwa mwenyekiti kwamba pango letu lijengwe na watoto, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, hapo hatutashinda." Hakukosea.

Ninapoandika haya, meza yetu ya chakula imejaa udongo, na mke wangu, aliyenikanyaga mguu kwa ajili ya mbegu 11, ameshindwa kuvumilia yaliyokipata kitambaa chake cha meza. Yosefu ameanguka mara mbili. Binti yangu amefinyanga kondoo wanane bila mchungaji, na kuku mmoja mkubwa kuliko kondoo wote. Nilimwambia kwamba Injili haimtaji kuku. Kisha nikakumbuka kwamba Papa Fransisko, katika barua aliyoitoa Greccio tarehe 1 Desemba 2019, aliandika kuwa watoto, na hata watu wazima, hupenda kuongeza pangoni vitu visivyotajwa katika Injili, na kwamba navyo vina nafasi yake pale. Nikanyamaza. Kuku amewekwa karibu na hori. Horini mpaka jioni hii mna nyasi nne, mbili kati ya hizo nina mashaka nazo, na mwenye nyasi hizo mbili ameniuliza kama kumpisha mtu kwenye daladala kunahesabiwa endapo ulikuwa unashuka kituo kinachofuata.