Msiishie kwenye ngozi, pimeni na macho

Makala yenu kuhusu PXE (pseudoxanthoma elasticum), ugonjwa wa kurithi unaoathiri ngozi na macho, imeeleza vizuri vipele vyake, lakini macho yametajwa kwa sentensi moja tu, na huko ndiko kwenye hatari ya upofu. Mdogo wangu alianza na vipele vya manjano shingoni na kwapani, ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa. Miaka mitatu tulipaka dawa za fangasi! Daktari wa macho ndiye aliyeona mistari nyuma ya jicho, akaagiza kinyama cha ngozi kikapimwe. Nyuzi zinazoifanya ngozi ivutike zilikuwa zimejaa kalsiamu. Hitilafu ya jeni ABCC6, inayosababisha ugonjwa huu, hurithiwa kwa wazazi wote wawili, nao mara nyingi hawana dalili. Tafadhali, ndugu wa tumbo moja wapimwe pia. Sisi wanne tumepimwa wote.