Usaili wa kikundi: anayenyamaza haandikwi

Walioomba kazi za serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira hapa Tanzania wanaijua njia: usaili wa mchujo kwa maandishi, kisha mahojiano mbele ya jopo. Wengi huduwaa wanapoitwa na hoteli au shirika la ndege, wakajikuta meza moja na watu wanaogombea nafasi ileile, wote wakiambiwa, "Haya, jadilianeni."

Zoezi hili si geni. Jeshi la Uingereza lililitumia tangu 1942 kuchagua maofisa: kundi lisilo na kiongozi linapewa kazi, wasaili wanakaa pembeni wakitazama.

Tuseme hoteli imebakiwa na vyumba 3, wageni 6 wamefika usiku, nanyi mna dakika 15 za kuamua nani alale. Wasaili hawana haja sana na majina mtakayochagua. Wanaangalia mnavyofika huko. Kwa maoni yangu, kinachowaangusha vijana wetu hapa ni malezi mema: tumezoeshwa kusubiri wakubwa waseme kwanza. Lakini msaili ana karatasi ya alama mkononi, na hawezi kuandika ulichokiwaza. Anayewakatiza wenzake naye anaandikwa, ila vibaya.

Sikiliza mtu anayesema hivi: "Dada ametaja mgonjwa, kaka akamtaja mama mwenye mtoto mchanga. Hao wawili tumekubaliana. Bado mmoja, na zimebaki dakika 5." Hajapaza sauti wala kumpinga mtu, ila mjadala umesogea.

Kuna pia usaili ambao mnaulizwa swali moja kwa zamu. Ukifikiwa wa nne, jibu lako limeshasemwa. Usiseme "kama walivyotangulia kusema wenzangu" ukaishia hapo. Toa tukio lako mwenyewe, mteja gani alikuja amekasirika na ulimtulizaje. Nenda na matukio kama matatu ya kweli kichwani. Na usijifungie chumbani kukariri: kaa na marafiki wanne, wekeni saa ya simu, mjadiliane kwa sauti.

Waajiri nao wana wajibu. Andikeni kwenye ujumbe wa kumwita mtu kwamba usaili utakuwa wa kikundi. Binti anayepanda basi kutoka Songea hadi Dar es Salaam kwa nauli ya kukopa ana haki ya kujua anakwenda kupimwa kwa namna gani.