Bei ya kadibodi na bei ya mdomo

Sokoni Mtwara, msimu wa korosho, mama mmoja ameshika doti ya kanga. "Elfu kumi na tano." Anairudisha juu ya rundo, anapiga hatua tatu. "Shangazi, sema kauli yako basi!" Wanamalizana kwa elfu kumi na moja. Maduka matatu mbele, kijana katundika kipande cha kadibodi: BEI NI MOJA. Mteja wake hakai hata dakika mbili. Analipa, au anaondoka kimya.

Kadibodi ile ina ukoo Paris. Mwaka 1852 Aristide Boucicaut, mtoto wa mtengeneza kofia kutoka Normandy, aliingia ubia katika duka la Le Bon Marché. Zama zile bei ilitegemea sura ya mteja, na aliyeingia dukani alitarajiwa kununua. Boucicaut akabandika bei kwenye kila kitu, akaruhusu watu waingie kutazama tu, akakubali kupokea bidhaa zilizorudishwa. Hakuwa wa kwanza kubandika bei, ila yeye aliendesha duka kubwa zima kwa mtindo huo: faida kidogo kwa kila kipande, vipande vingi. Mauzo yakapanda kutoka takriban faranga nusu milioni mwaka 1852 hadi milioni 5 mwaka 1860.

Wanaoitetea kadibodi husema ni haki, na mgeni wa mji atawaunga mkono. Enzi za vuguvugu la gesi asilia hapa Mtwara, lafudhi ya Dar peke yake ilitosha kukupandishia bei. Mimi nilipigwa mara mbili kwa pweza yuleyule, tena na muuzaji yuleyule.

Lakini haki si unafuu. Kwa Kifaransa "bon marché" ni bei rahisi. Duka hilo leo ni la kampuni ya LVMH na linauza mikoba ya anasa. Bei bado zimebandikwa, sawa kwa wote wanaozimudu.

Bei ya mdomo nayo ina kazi ambayo karatasi haiwezi. Mwezi wa Mei, korosho ziko mbali na mfuko umekauka, mwenye duka anayekujua anaandika jina lako kwenye daftari mpaka msimu. Anayesema "punguza" ndiye huyohuyo anayesema "niandikie". Isitoshe, huku watu wanajua kukataa bei: Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala waliigomea bei ya mnada wa korosho, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mtu wa namna hiyo umwambie bei ya kanga haijadiliwi?

Bado naegemea kadibodi, ila si kwa ajili ya haki. Boucicaut alikuwa na wauzaji wengi wa kuajiriwa, na huwezi kumwachia kila mmoja wao apatane bei kwa niaba yako. Mwenye duka anayekaa mwenyewe kaunta anaijua faida yake na anamjua mteja, kwa hiyo anaweza kulegeza. Aliyeajiriwa akilegeza, jioni hesabu haitimii na anakatwa yeye.

Nilimuuliza yule kijana kama kadibodi ni wazo lake. Akacheka. Duka ni la mjomba wake, na siku mjomba akija kukaa mwenyewe, kadibodi inageuzwa ukutani.