Mbegu au sahani? Kwa nini vifaranga wa mama mmoja hawalingani

Wiki iliyopita mama jirani yangu hapa Makorora, Tanga, aliniita uani kwake nimtazamie vifaranga. Koo wake aliangua kumi na mmoja, wote siku moja, na sasa wana wiki nane. Tukampima mkubwa, kisha mdogo. Mkubwa alimzidi mwenzake zaidi ya mara mbili. "Huyu mbegu yake mbovu," mama akasema, akimrudisha chini yule mdogo. "Nitauza wote ninunue chotara."

Kauli hiyo naisikia kila mtaa, na wanaoisema hawajakosea kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichukua kuku wa nyama wa mbegu zilizohifadhiwa tangu 1957 na 1978, pamoja na mbegu ya kibiashara ya 2005, wakawalisha chakula kilekile. Matokeo yalichapishwa 2014. Siku ya 56, kuku wa mbegu ya 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, wa 2005 gramu 4,202. Hapo huwezi kusingizia chakula. Hata uani kwetu mbegu inajionyesha: kuchi na miguu yake mirefu hawezi kulingana na kuku wa kawaida hata wakila pamoja, na kishingo anastahimili joto la pwani kuliko wenzake, kwa kuwa kuku hatoki jasho na ile shingo tupu humpunguzia joto.

Lakini hawa ni wa mama mmoja, utasema. Kweli, ila baba je? Tetea hutunza mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili hivi, na uani pale hupita majogoo wa nyumba tatu. Mayai ya kiota kimoja yanaweza kuwa ya baba tofauti. Tena pora, yaani jogoo mchanga, huwazidi uzito dada zake mapema tu. Sehemu ya tofauti ile, basi, ni damu.

Sikuridhika. Nikaomba tuwape chakula, nikae nitazame. Pumba, machicha ya nazi na dagaa kidogo, sahani moja pana. Mkubwa akatangulia, akawadonoa wawili kichwani, wakarudi nyuma. Mdogo hakusogea hata hatua. Alisimama kando ya ndoo, mabawa yamelegea, akaja wenzake walipoondoka. Dagaa zilikuwa zimekwisha, imebaki pumba. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe aliieleza tabia hii miaka ya 1920: kila kuku anamjua wa kumdonoa na wa kumkimbia. Kwa kifaranga, cheo hicho ni protini. Aliyeanguliwa dhaifu anakula mwisho, kwa hiyo anabaki mdogo, na kwa kuwa ni mdogo ataendelea kula mwisho. Ongeza minyoo, kuhara damu, na baridi ya usiku wa masika kabla manyoya hayajakamilika. Ukimtazama akiwa na wiki nane, utajuaje kipi ni mbegu na kipi ni njaa?

Chotara hamalizi swali hilo. Aliyechaguliwa ili akue haraka anadai chakula cha kumkuza. Ukimpa pumba tupu, atadumaa. Anayefuga bandani, ananunua chakula kamili na ana mnunuzi, hesabu yake naikubali. Kwa ua wa wazi wenye kunguru, ningebaki na koo wa kienyeji, ambaye akiona kivuli angani huwaita wanawe wakaingia chini ya mbawa.

Kinachoniuma zaidi ni kingine. Idd ikifika au mgeni akija, tunachinja jogoo mkubwa. Mwenye kudumaa anaachwa "akue kwanza", na huyo ndiye anayebaki kupanda matetea, mabinti zake wakiwemo. Miaka kumi ya kufanya hivyo ni kuchagua mbegu kinyumenyume. Kwa hiyo mama akisema mbegu ni mbovu huenda yuko sahihi, ila haikuja mbovu. Tumeifanya sisi, na chotara wake tutamfanyia hivyohivyo.

Nilimwomba asiuze bado. Tumeweka sahani tatu mbalimbali, na wadogo wanne wanalishwa ndani ya tenga ambalo mkubwa hapiti. Dawa ya minyoo wamekunywa, na kila mmoja amepata tone la chanjo ya kideri jichoni, litakalorudiwa baada ya miezi mitatu. Wakifikisha miezi minne tutawapima tena. Watakaoongoza wakati wote wamekula sawa hawachinjwi, hata Idd ikigonga mlango, na jogoo wa kuwapanda matetea atatoka nyumba nyingine. Mama ameshamfunga pora mmoja utepe mwekundu mguuni. Mimi namwangalia tembe, yaani jike mchanga, wa kijivu, wa pili kwa uzito, ambaye hula bila kumdonoa mtu.