Faini ya choo Mtwara: anayebanwa ni mpangaji

Mvua za kusini zinapofungua, kati ya Novemba na Desemba, mambo mawili hukutana mjini Mtwara: fedha za korosho zinazotoka minadani, na majitaka yanayofunguliwa usiku kuelekea mtaroni. Mtu husubiri wingu zito, akatoboa shimo, mvua ikabeba. Asubuhi mtaa mzima umenusa ila hakuna aliyeona. Ndiyo kutapisha choo, na hakuna kosa la afya ya mazingira lililo gumu kuliko hilo kwa bwana afya.

Kisheria hana upungufu wa meno. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya uwezo wa kuingia kwenye eneo, kukagua na kutoa notisi ya kuondoa kero. Juu yake kuna sheria ndogo za halmashauri, na nyuma yake kuna mtendaji wa mtaa na mgambo. Ubishi ni juu ya meno hayo yamng'ate nani, na lini.

Wanaotaka mkono mzito wana hoja ambayo watu wa pwani ya kusini hatupaswi kuipuuza. Mtwara na Lindi ni mikoa iliyoteswa kwa muda mrefu na matende na mabusha. Ugonjwa huo huenezwa na mbu, na mmoja wa mbu hao, Culex, huzaliana kwenye maji machafu: mashimo ya vyoo, makaro yaliyopasuka, mitaro iliyotuama. Dawa za kumeza zimetolewa kwa miaka mingi na zimesaidia, lakini dawa haifuniki shimo. Choo kibovu cha nyumba moja ya Magomeni hulisha mbu wa nyumba zote za jirani, na mwenye choo huenda asiumwe kamwe.

Hoja yao ya pili ni ya kijamii, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Jirani hamshitaki jirani. Mmezikana, mmechezeshana watoto ngoma, mnaazimana ndoo. Nani ataenda kwa mtendaji kusema choo cha fulani kinatapika? Kero hiyo itavumiliwa mpaka mtu wa nje aje aitaje. Tukimwondolea afisa afya nguvu za kuadhibu kwa jina la kuelimisha, tutakuwa tumewaachia mzigo wote watu ambao desturi imeshawafunga mdomo.

Wanaongeza mfano wa mifuko ya plastiki. Juni 1, 2019, marufuku ilianza, na kukutwa na mfuko kukawa na faini inayoanzia shilingi 30,000. Mitaa ilibadilika haraka kuliko semina yoyote ingeweza kuibadilisha. Ni kweli. Lakini tuutazame vizuri mfano huo. Marufuku ile ilianzia juu, kwa mzalishaji, mwingizaji na muuzaji, nao adhabu yao ilikuwa kubwa kuliko ya mbebaji. Mfuko ulitoweka dukani, ukatoweka mkononi. Na pale mlango mdogo ulipobaki wazi, yaani vifungashio vile laini, plastiki ilirudi sokoni kama mgeni aliyesahau kofia yake.

Kwenye vyoo mambo huwa kinyume: sheria huanza na aliye karibu. Chukua nyumba ya kupanga ya vyumba sita, choo kimoja cha shimo, mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam au yuko shambani Newala. Bwana afya akifika, anayemkuta uani ni mpangaji anayefua. Notisi inashikwa na yeye, faini ikija inamkuta yeye, na kama ni mgeni wa taratibu hizi atalipa ili yaishe. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, maana yake anayenunua umeme ndiye anayeilipa papo hapo. Sheria inamruhusu adai kwa mwenye nyumba, lakini nani anadai hivyo na chumba bado anakihitaji? Basi mpangaji huyuhuyu analipia jengo lisilo lake na choo ambacho hana ruhusa ya kukichimba upya.

Hapo wakosoaji wa ukali wananivuta upande wao. Mama lishe wa Feri, pale watu wanaposubiri kuvuka kwenda Msangamkuu, anaweza kudaiwa apime afya, avae aproni na awe na ndoo ya maji yenye koki. Ni madai ya haki, anawalisha watu. Ila faini ikishaingia kwenye hesabu ya mapato ya ndani ya halmashauri, kishawishi kinazaliwa cha kumtembelea anayelipa haraka na kumruka anayebishana. Mama lishe hulipa haraka. Mwenye nyumba huleta mwanasheria, au humpigia diwani simu.

Halafu kuna wajibu wa upande wa pili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaziwekea serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu. Gari la taka lisipopita, mwananchi anamwaga wapi? Mtaroni. Na mtaro wa barabara ya mjini uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017, siyo chini ya bwana afya anayekuja kutoza faini kwa sababu umeziba. Makaa ya mawe yanayoshuka kutoka Ruvuma kwenda bandarini yana vumbi lake pia, na hayo mgambo hayawezi. Ni ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, na mamlaka ya bandari, ndiyo maana serikali imepanga bandari ya Kisiwa Mgao kwa mizigo michafu. Mkazi wa Shangani hana haja ya mgawanyo huo. Anaona tu kwamba aliyefagia vibaya anaadhibiwa leo, na vumbi kubwa linasubiri mipango.

Pamoja na hayo sikubali kwamba faini zifutwe. Ninachotaka ni anwani ibadilike. Ubovu wa shimo, paa au karo upelekewe mwenye jengo, hata kama ni kwa simu na kupitia mtendaji wa huko aliko. Mpangaji abaki na uchafu anaouzalisha mwenyewe. Na kalenda ibadilike. Ukaguzi wa Januari, shimo likiwa limeshajaa maji, ni wa kukusanya faini tu. Ukaguzi wa Agosti ukiwa na notisi inayokomea mwishoni mwa Oktoba unamkuta mwenye nyumba kabla ya mvua, na wengi wao wakiwa wanaanza kupata malipo ya korosho.

Wapo ambao hata hivyo hawataweza. Udongo wetu wa mchanga hubomoka, shimo lisilojengewa matofali halidumu, na mjane anayeishi kwa kodi ya chumba kimoja hana fedha ya fundi. Kwake ningekubali notisi ndefu na malipo ya awamu, kwa masharti yaliyoandikwa, yasiwe huruma ya afisa mmoja mmoja, kwa sababu huruma isiyoandikwa ndiyo hugeuka bei.

Kwenye kikao kijacho cha baraza la madiwani, diwani mmoja anaweza kuomba hesabu mbili tu: notisi ngapi za mwaka huu zimeandikwa kwa jina la mwenye jengo, na faini ngapi zimelipwa na wapangaji.