Kilomita 70 za bahari kati ya Nzwani na Maore

Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kama kilomita 70 za maji. Ukipanda boti ya asubuhi, saa mbili baadaye umeshashuka bandarini Malindi na mchukuzi kashika begi lako. Nimevuka hapo mara nyingi, mgonjwa na mzima, na mzigo na bila mzigo, na ninaloliogopa siku zote ni mawimbi ya karibu na Chumbe wakati wa kusi.

Kutoka kisiwa cha Nzwani, katika visiwa vya Komoro, hadi kisiwa cha Maore, ambacho ramani za Wafaransa hukiita Mayotte, nako ni kama kilomita 70. Wanaovuka huko huondoka usiku, taa zimezimwa, katika boti za faiba zilizoundwa kwa ajili ya uvuvi. Watu hupakiwa mpaka ubavu wa boti unakaribia kulingana na maji. Wenyewe wanaziita kwassa-kwassa, jina la ile ngoma ya Kikongo tuliyoicheza miaka ya themanini, kwa jinsi boti inavyokwenda ikitikisika. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ilikadiria kwamba kati ya 1995 na 2012 watu 7,000 hadi 10,000 walikufa katika kivuko hicho. Makadirio ya upande wa Komoro ni makubwa zaidi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngazija. Unguja tunawaita hivyo Wakomoro wote, hata awe ametoka Nzwani au Mwali, na yeye alishachoka kutusahihisha. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba siandiki nikiwa mbali na jambo lenyewe.

Sisi Waunguja tunajua bahari inavyochukua watu. Septemba 2011 ilipozama Spice Islander karibu na Nungwi, nchi nzima iliomboleza siku tatu, na watu walikwenda viwanja vya Maisara kutambua maiti zao. Julai 2012 ikazama Skagit, tukalia tena. Wa kwassa-kwassa hawana Maisara yao. Hakuna orodha ya abiria, kwa hiyo mama wa mtu hujua tu kwamba simu haikupigwa. Na msiba huu, tofauti na ile yetu, una tarehe na saini.

Januari 1995 serikali ya Édouard Balladur, waziri mkuu wa Ufaransa wakati huo, iliweka viza kwa Mkomoro yeyote anayetaka kwenda Maore. Kabla ya hapo watu walikwenda na kurudi kama sisi tunavyokwenda Dar. Mtu alikwenda kuuza ndizi, kuhudhuria arusi, kumjulia hali shangazi aliyeolewa upande wa pili, kisha akarudi kwake. Lugha ni moja, dini moja, majina ya koo ni yale yale. Karatasi moja ya Paris ikaigeuza safari hiyo kuwa kosa la jinai.

Ili kuelewa Ufaransa ilipata wapi nguvu ya kuweka viza katikati ya nchi ya watu, lazima nirudi nyuma kidogo. Maore waliinunua mwaka 1841 kwa mkataba na Andriantsoly, mtawala wa asili ya Bukini, yaani Madagaska, aliyekuwa ameshika kisiwa hicho. Visiwa vingine vitatu viliwekwa chini ya ulinzi wao mwaka 1886, na baadaye vyote vinne vikatawaliwa kama koloni moja. Tarehe 22 Desemba 1974 vilipiga kura ya maoni pamoja. Karibu asilimia 95 ya kura zilitaka uhuru, lakini ndani ya Maore peke yake walio wengi, zaidi ya asilimia 60, walikataa. Bunge la Ufaransa likaja na sharti jipya, kwamba kila kisiwa kihesabiwe kivyake. Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya Komoro, hakungoja, akatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975. Novemba 12 mwaka huo Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro kama nchi ya visiwa vinne, na Maore ikiwa imetajwa kwa jina. Bendera ya Komoro mpaka leo ina mistari minne na nyota nne. Mstari mweupe ni wa Maore.

Tanzania ilikuwa mezani siku jambo hili lilipofika Baraza la Usalama. Balozi wetu alikuwa Salim Ahmed Salim. Tarehe 6 Februari 1976 kura 11 ziliunga mkono azimio la kuitaka Ufaransa isiendeshe kura nyingine Maore, nchi tatu zikajizuia, na Ufaransa ikapiga kura ya turufu. Siku mbili tu baadaye kura hiyo ikafanyika, na matokeo yalitangazwa kuwa zaidi ya asilimia 99 wanataka kubaki na Ufaransa. Mwaka 2009 waliulizwa tena, asilimia 95 wakakubali, na tangu 2011 kisiwa hicho ni mkoa wa 101 wa Ufaransa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ndugu zangu wengi wa Moroni, mji mkuu wa Komoro. Wao husema Wamaore walidanganywa, basi. Mimi sikubali kwamba watu wazima wanaweza kudanganywa miaka 50 mfululizo. Wamaore walikuwa na malalamiko ya kweli. Makao makuu ya utawala yalikuwa Dzaoudzi, kwao, kisha mwaka 1958 ukatolewa uamuzi wa kuyahamishia Moroni, na zikaondoka kazi na biashara. Walioumia zaidi ni wanawake, na wanawake ndio waliosimama. Akina Zéna M'Déré na wenzake walikuwa wakiwazunguka viongozi waliotumwa kutoka Moroni na kuwatekenya, kuwatekenya kabisa, mpaka mtu mzima na suti yake anakimbilia kwenye ndege. Mwaka 1969 mmoja wao, Zakia Madi, alifariki katika vurugu za kisiasa. Kisha wakaitazama Komoro huru ikipita katika mapinduzi na majaribio ya mapinduzi zaidi ya 20. Bob Denard, mamluki Mfaransa, aliingia na kutoka Moroni kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba. Mwaka 1978 alimpindua Rais Ali Soilih, aliyeuawa muda mfupi baadaye, kisha akakaa zaidi ya miaka kumi akiongoza walinzi wa rais. Mmaore aliyeyaona hayo akasema "mimi nabaki nilipo" hakuwa mjinga.

Kwa hiyo sipo miongoni mwa wanaosema bendera ya Ufaransa iteremshwe Mamoudzou, mji mkuu wa Maore, kesho asubuhi. Kisheria Komoro ina haki, na maazimio ya Umoja wa Mataifa yapo. Kisiasa wenye kisiwa hawataki. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja, na hayatamalizwa na kizazi hiki. Hasira yangu ni kwamba pande zote mbili zimejificha nyuma ya mgogoro wa bendera ili zisizungumze juu ya kivuko. Paris inasema kile ni kisiwa chetu, tunaweka mpaka tunavyotaka. Moroni inasema kile ni kisiwa chetu, hatuwezi kujadili mpaka usiokuwepo. Na katikati ya kauli hizo mbili anapita mwanamke mwenye mimba ya miezi minane.

Maana wengi wanaovuka ni hao. Wadi ya wazazi ya hospitali ya Mamoudzou huzalisha watoto wapatao 10,000 kwa mwaka, kubwa kuliko zote katika Ufaransa nzima, na wengi wa mama hao si raia. Wanafuata mkunga, damu na chumba cha upasuaji chenye umeme. Hili ni la kuwauliza watawala wa Moroni, ambao kila Novemba 12 huadhimisha Siku ya Maore na kurudia "Maore ya Komori". Kisiwa ambacho haibishaniwi ni chao, Nzwani, kingekuwa na wadi ambayo mzazi hahitaji kuikimbia, nusu ya boti zile zisingeondoka.

Lakini mzigo mkubwa nauweka kwa mkubwa, kwa sababu ndiye mwenye uwezo wa kubadili jambo kesho. Tuangalie namna anavyoutumia ukubwa wake. Tarehe 1 Juni 2017, Rais Macron akiwa katika kituo cha uokoaji wa baharini huko Étel, alifanya mzaha kwamba kwassa-kwassa huvua kidogo, kazi yake ni kuleta Wakomoro. Aliwataja Wakomoro kwa namna ya kutaja samaki. Kituo cha uokoaji! Ofisi yake ilikiri kwamba mzaha ule haukuwa mzuri. Mimi niliusikia nikiwa na marehemu bibi, na sikumtafsiria.

Machi 2018 Moroni ilikataa kuwapokea wanaofukuzwa Maore. Ufaransa ikajibu kwa kusimamisha viza kwa Wakomoro. Mvutano uliisha Julai 2019 kwa makubaliano ya Paris, yuro milioni 150 za maendeleo kwa miaka mitatu, na kwa upande wake Komoro isaidie kuzuia boti. Sizidharau hela hizo. Ila mtu asishangae nani aliinama. Faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro, 491.96775 kwa moja, kwa dhamana ya hazina ya Ufaransa, na familia nyingi zinaishi kwa fedha za ndugu walioko Marseille. Ni vigumu kugombana muda mrefu na anayeishikilia sarafu yako na ndugu zako pia.

Aprili 2023 ilikuwa vivyo hivyo. Ufaransa ilianzisha Operesheni Wuambushu, polisi wengi, kubomoa mabanda na kufukuza watu. Rais wa Komoro, Azali Assoumani, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Meli iliyobeba waliofukuzwa ilizuiwa kuingia Mutsamudu, bandari ya Nzwani, na kwa siku chache nchi ndogo ilisimama wima mbele ya nchi kubwa. Baada ya wiki chache safari zikarejea. Kwa miaka mingi sasa wanaofukuzwa huzidi 20,000 kwa mwaka, na wengi hupanda boti nyingine ndani ya mwezi huo huo.

Ninachotaka ni kitu kimoja, na si kikubwa. Viza ya 1995 iondolewe kwa safari za Nzwani na Maore, kuwe na boti halali yenye orodha ya abiria na jaketi za kuokolea, na mtu aingie kwa kitambulisho kwa muda maalumu. Suala la bendera libaki mezani kwa miaka mingine 50 ikibidi.

Najua jibu, nimeshalipata kutoka kwa Mmaore mmoja tuliyejadiliana kwa muda mrefu. Alisema kisiwa kimejaa, karibu nusu ya wakazi ni wageni, mwaka 2023 mabomba yalikuwa yanakauka siku mbili kati ya tatu, na Kimbunga Chido cha Desemba 14, 2024 kimevunja hata kilichokuwepo. Yote kweli. Lakini nilimuuliza, kwa nini wageni hao hawarudi kwao? Kwa sababu aliyelipa kila alichonacho na kunusurika usiku mmoja baharini hathubutu kutoka, akijua kuingia tena ni kuhatarisha roho upya. Zamani mtu aliuza ndizi zake akarudi. Viza haikuwazuia kuingia, iliwazuia kuondoka. Hata siku ya Chido wapo walioogopa kwenda kwenye makazi ya dharura, wakidhani ni mtego wa polisi, wakabaki chini ya mabati.

Na sisi je? Watanzania tumesahau kwamba tuliwahi kumwaga jasho kule. Dar es Salaam ndiko kilikokuwa na makao chama cha ukombozi cha Wakomoro, MOLINACO, miaka ya sitini. Machi 25, 2008, Rais Kikwete akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, wanajeshi wetu walitua Nzwani pamoja na Wasudani kumng'oa Kanali Mohamed Bacar aliyekuwa amekitenga kisiwa. Bacar alikimbia kwa boti. Alikimbilia Maore, kwa njia ile ile ya mama wajawazito, na ndege ya kijeshi ya Ufaransa ikampeleka Réunion, kisha akapata hifadhi Benin. Tulikuwa tayari kupeleka bunduki kwa ajili ya umoja wa visiwa vile. Tuna ubalozi Moroni, tunazungumza vizuri na Paris, na wafanyabiashara wa Komoro tunawaona Kariakoo kila siku. Sijawahi kumsikia waziri wetu yeyote wa mambo ya nje akiitaja viza hiyo hadharani. Natamani mmoja aitaje.

Mwaka juzi binamu yangu wa Nzwani alinipigia simu. Mke wake alikuwa na mimba ya tatu na aliambiwa atahitaji upasuaji. Alikuwa ameshaulizia bei ya kwassa-kwassa. Nilimwomba asifanye hivyo, tukachangishana ukoo mzima, wakaja Dar kwa ndege na kukaa kwangu miezi miwili. Mtoto ni wa kike. Alipotimiza arobaini tulivuka naye kwenda Unguja kumwonyesha kwa wazee, kwa boti ya asubuhi, bahari ikiwa shwari. Tiketi yake hawakutudai, walisema mchanga halipi. Alilala njia nzima.